Kutoa upepo kwenye klachi ni nini hasa

Ukifika gereji ukasema klachi imelegea, jibu la kwanza huwa "hiyo tunatoa upepo tu", wengine wanaita kublidi, na sisi tunaitikia bila hata kujua huo upepo umekaa wapi na umeingilia wapi, ndo maana nimeona niandike.

Gari nyingi za gia za mkono tunazoendesha huku, Hiace, Hilux, Canter, klachi yake haivutwi na waya, inasukumwa na mafuta ya breki. Nyuma ya pedeli kuna klachi masta ya juu (silinda ndogo yenye pistoni ndani), kwenye giaboksi kuna ya chini, katikati paipu jembamba limejaa mafuta. Ukikanyaga, mafuta yanasukumwa mpaka chini, pistoni inatoka, klachi inaachia, yaani injini na giaboksi zinaachana ili gia iingie. Sasa chukua sirinji ya dukani, ivutie maji, ziba tundu kwa kidole halafu sukuma, haiendi. Fanya hivyohivyo ikiwa na hewa tupu, inabonyea vizuri tu. Yaani ndo hiyo. Pistoni ya chini inatembea kama sentimita moja hivi au kuzidi kidogo, kwa hiyo hata povu dogo likiwa kwenye paipu linakula ule mwendo wote, mguu wako unabonyeza hewa na klachi haiachii.

Utajuaje? Pedeli inakuwa laini inazama mpaka kwenye kapeti, namba moja inagoma, riverse inasaga mpaka abiria wanakugeukia, lakini ukipampu haraka haraka mara tatu nne gia inaingia. Hiyo ya kupampu ndo dalili yenyewe kabisa.

Kazi yenyewe inataka watu wawili, spana (Toyota nyingi ni namba 8 au 10), mpira mwembamba na chupa. Chomeka mpira kwenye nipeli (kile kiskrubu chenye tundu cha kutolea upepo) ya klachi masta ya chini, ncha nyingine izame kwenye mafuta ndani ya chupa. Wa juu anapampu taratibu, anakanyaga na kushikilia, wa chini anafungua nipeli kidogo, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, NDO mwenzake anaachia. Hapo ndo watu wanakosea sana, ukiachia pedeli kabla nipeli haijafungwa unavuta hewa upya na kazi yote imekufa. Rudia mpaka mafuta yatoke bila povu, na kila baada ya raundi chache angalia kikopo cha juu kinachowekwa mafuta ya klachi kisiishe, kikikauka umeanza upya.

Mafuta ya breki tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha hicho kikopo, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Usiweke oili ya injini wala ya pawa stiringi hata kama umekwama njiani, inavimbisha raba zote za ndani. Na hayo mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari mwagia maji haraka maana yanakula rangi.

Ila upepo haujileti wenyewe jamani. Kama hakuna aliyefungua paipu wala kubadilisha masta, basi kuna sehemu inavuja, na hili fundi asipokwambia muulize. Hilux yangu ilitolewa upepo mara mbili ndani ya wiki mbili, kila mara pedeli inakaa sawa siku nne tano halafu inazama tena, mwisho nikaingia chini mwenyewe, nikafunua kile kiraba cha vumbi cha klachi masta ya chini, mafuta meusi yakanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Raba za ndani zilikuwa zimeisha muda mrefu. Tukabadilisha raba, tukatoa upepo mara moja, haijasumbua tena mpaka leo. Ya juu nayo icheki, pitisha kidole pale fimbo ya pedeli inapoingilia, kikitoka na unyevu inavujia ndani ya gari.

Na kama pedeli ni ngumu vizuri, hakuna panapovuja, kupampu hakubadilishi kitu, lakini gia inaingia kirahisi gari ikiwa imezimwa na inagoma ikiwaka, hapo usikubali kulipia kutoa upepo, mwambie fundi tatizo liko ndani, aangalie vyuma vya klachi yenyewe: presha pleti, diski au foku.