Lincoln hakuwaachia huru watumwa wote mwaka 1863

Wengi tumefundishwa kwamba Rais Abraham Lincoln alifuta utumwa Marekani kwa saini moja, tarehe 1 Januari 1863. Sivyo. Tangazo lile, lililotolewa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, liligusa tu maeneo ya Kusini yaliyoiasi serikali. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wa serikali, hayakuguswa. Hata New Orleans, mji wa Kusini uliokwisha kutekwa na jeshi la serikali, uliachwa nje kwa kutajwa jina. Lilikuwa agizo la kivita, likitegemea jeshi lifike. Watumwa wengi hawakungoja: walitoroka wakawafuata askari, na wanaume Weusi wakaruhusiwa kushika bunduki, jambo zito kuliko saini yenyewe. Huko Galveston, Texas, uhuru ulitangazwa tarehe 19 Juni 1865. Kentucky na Delaware, utumwa uliendelea kisheria hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima, Desemba 1865.