Mwenye Kuharisha Hanyimwi Maji: Maswali ya Msimu wa Mvua Mombasa

Masika hapa Pwani hushika Aprili na kupamba moto Mei. Vuli huja Oktoba hadi Desemba. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari ikijaa kupita kawaida, mitaro haina pa kumwaga, na maji ya choo na maji ya kisima hupatana bila ya kuulizana. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuja na kipindupindu. Za vuli ya 2023 zilitukuta nchi bado ina kipindupindu kilichoanza Oktoba 2022. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayoulizwa kila msimu. Liko moja, la kumnyima maji mtoto anayeharisha, limejibiwa mara kadhaa kwa makusudi, kwa sababu linaendelea kuua watoto.

Mimi nakaa ghorofani. Mafuriko yananihusu nini?

Maji hayatapanda hadi kwako, lakini mfereji wako ni uleule wa walio chini. Stima ikikatika pampu husimama, na bomba likikosa nguvu ya maji huvuta uchafu wa nje kupitia nyufa zake. Ndiyo maana maji ya kwanza yanayorudi baada ya siku mbili kavu huwa hayaaminiki. Yamwage, au yatumie chooni.

Weka akiba ya maji ya kunywa na kupikia: lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku 3. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 72, yaani mitungi minne ya lita 20 yenye vifuniko. Ya kuoga na kufulia ni hesabu nyingine. Juu ya hayo weka chupa ya klorini ya kutibu maji, pakiti kumi za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki, sabuni ya mche, tochi, simu iliyochajiwa na dawa za kila siku za wenye presha, kisukari au kifafa za kutosha angalau wiki moja. Kitabu cha kliniki cha mtoto na vitambulisho vitie ndani ya mfuko wa plastiki. Vyote vikae ndani ya ndoo moja yenye kifuniko, mahali pa juu, na kila mtu nyumbani apajue. Ndoo ikifichwa na mama, na mama akawa Kongowea sokoni mvua ilipoanza, haina kazi.

Kisima chetu ni cha tangu enzi za babu, maji yake matamu na meupe. Tutie dawa kwa nini?

Kwa sababu weupe hauonyeshi vijidudu. Ardhi ya Mombasa ni jiwe la matumbawe, limejaa vitundu na mianya. Mchanga huchuja kidogo. Mwanya wa jiwe hauchuji kitu, hupitisha tu. Kinachoshauriwa ni shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na viwanja vingi vya Kisauni na Likoni havina hizo mita 30 hata ukipima kutoka ua hadi ua. Enzi za babu palikuwa na choo kimoja mtaani. Leo kila nyumba ina chake.

Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko kisinywewe kabisa mpaka afisa wa afya ya umma akitibu.

Dawa ya maji inatiwaje?

Maji yenye tope yachuje kwanza. Chukua leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi, uikunje mara nne; leso mpya nyuzi zake ziko wazi zaidi. Kisha tia klorini ya maji, ile ya asilimia 1.2: kifuniko kimoja cha chupa yake kwa mtungi wa lita 20 ikiwa maji ni meupe, viwili ikiwa bado yana ukungu. Ukitumia kidonge, cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji meupe. Koroga, funika, ngoja nusu saa. Harufu hafifu ya klorini ndiyo inayotakiwa. Isiponukia kabisa, dozi ni ndogo au chupa imekaa juani ikapoteza nguvu.

Wasio na klorini wachemshe mpaka maji yatokote kwelikweli dakika moja nzima. Halafu tafadhali, usichote kwa kikombe kilichokuwa sakafuni. Maji yaliyotibiwa huharibiwa na mkono, na hilo tunaliona zaidi kuliko maji yasiyotibiwa. Tumia mtungi wenye mdomo mwembamba au ndoo yenye bomba.

Kipindupindu ni nini?

Ni ugonjwa wa vijidudu vinavyoingia kwa maji au chakula chenye kinyesi. Huanza saa chache hadi siku 5 baada ya kuvimeza. Choo huwa kama maji yaliyooshewa mchele, hakiumi sana, hakikomi. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa. Kwa hiyo aliyekuwa mzima adhuhuri anaweza kuwa maiti kabla ya alfajiri.

Mtoto akipewa maji anazidi kuharisha. Si bora tulipumzishe tumbo?

Hapana.

Maji yanayotoka si yale uliyomnywesha. Ni maji ya damu yake mwenyewe, ambayo utumbo uliopatwa na sumu ya vijidudu unayamwaga ndani. Yatatoka umpe usimpe. Tofauti ni kwamba usipompa, hakuna kinachorudi mahali pake, na damu inazidi kuwa nzito hadi figo na moyo vinashindwa. Tumbo "lililofunga" kwa kunyimwa maji mara nyingi limefunga kwa sababu mwilini hamna tena cha kutoa. Huko si kupona.

ORS inafanya kazi hata utumbo ukiwa mgonjwa kwa sababu ukuta wake bado hufyonza sukari ikifuatana na chumvi, na hizo mbili zikipita, maji hufuata. Haizuii kuharisha siku ya kwanza, na haikuahidi hivyo. Inazuia kifo.

ORS inachanganywaje?

Soma pakiti: iko ya nusu lita na iko ya lita moja. Chupa ya maji ya dukani ya nusu lita ndiyo kipimo kizuri. Pakiti nzima, maji yote, mara moja. Makosa ni yaleyale kila msimu: nusu pakiti kwenye gilasi, kuongeza sukari ili mtoto apende, kuitia ndani ya maziwa au soda, kuichemsha baada ya kuchanganya. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage.

Kila akiharisha: chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100, miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200, mkubwa zaidi, kadiri atakavyo. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula ale. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama ameshapona.

Ikiwa hamna pakiti: lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi inadhuru. Onja, isiwe na chumvi kuliko machozi.

Tumempa akatapika yote. Si ndiyo tumbo limekataa?

Halijakataa, limepewa kwa pupa. Ngoja dakika 10, uanze tena kwa kijiko, kimoja kila dakika moja au mbili. Inachosha, na mikono mibadilishane: mama, nyanya, dada mkubwa. Kikombe kizima kwa mkupuo ndicho kinachorudi.

Basi maji kidogo tu, ya kulainisha ulimi, mpaka kuharisha kupungue?

Hapana tena. "Kidogo tu" ni kumnyima kwa jina la adabu. Anachopoteza ndicho anachorudishiwa, na akitaka zaidi apewe zaidi.

Asiyeweza kuamka vizuri ni jambo jingine: usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Huyo anahitaji maji ya mshipa, na anahitaji sasa hivi.

Kemisti ametupa dawa ya kufunga tumbo na Flagyl.

Za kufunga tumbo asipewe mtoto kabisa. Flagyl haitibu kipindupindu. Pesa hiyo ingenunua ORS.

Na soda? Madafu?

Soda ina sukari nyingi mno, inavuta maji zaidi kuyaleta utumboni. Madafu ni mazuri na yana potasiamu, lakini chumvi yake ni haba. Apewe pamoja na ORS, yasichukue nafasi yake. Uji mwepesi pia unafaa.

Nyanya yake anasema ni meno tu yanaota. Na tumeshamfanyia kombe.

Heshima kwa nyanya, lakini meno hayamwagi maji mara kumi kwa siku. Kila mtoto wa umri huo anaota meno, kwa hiyo kila ugonjwa utapata meno ya kusingiziwa.

Kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya aya, ni jambo la imani, na hakuna anayewazuia. Liandaliwe kwa maji yaliyotibiwa, na ORS iendelee kutwa nzima. Kinachotutia uchungu ni kombe la saa mbili asubuhi, la saa kumi jioni, na hospitali saa tano usiku.

Matapishi na kinyesi tuvisafishe vipi?

Jiki ya kawaida ya asilimia 3.5: kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji. Mwagia, acha dakika 10, ndipo ufute. Usiichanganye na asidi ya kuoshea choo, hutoa moshi wa sumu. Mikono ni sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kupika na baada ya kumhudumia mgonjwa.

Maji yameingia ndani. Tufanye nini kwanza?

Zima swichi kuu ya stima ukiwa umesimama pakavu. Ikiwa imeshazungukwa na maji, iache na utoke. Waya ulioangukia kidimbwi usisogelewe. Aliyenaswa na stima asishikwe kwa mkono. Funga vali ya mtungi wa gesi na uufunge mtungi kwa kamba, kwani mtungi ulio karibu kwisha huelea na kung'oa mpira wake. Jiko la makaa na jenereta visiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Watoto wasiogelee barabarani, hata kama jirani anawapiga picha.

Msaada ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

Insulini itakaaje bila friji?

Chupa iliyofunguliwa hustahimili takriban wiki 4 ikiwa joto halizidi digrii 30. Itie kwenye mfuko mkavu, uiweke ndani ya chungu cha udongo kilichomo ndani ya kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowa, penye upepo. Isiguse barafu, na ikiganda itupwe.

Tumejaza mapipa ya akiba. Sasa mbu wamezidi.

Hapo ndipo homa ya dengi huingia, nayo Mombasa ni mwenyeji: ilisambaa 2013, 2017 na tena 2021. Mbu wake anauma mchana na anapenda maji safi, yaani pipa lako. Kumwaga maji hakutoshi, kwa sababu mayai yamegandia kwenye ukuta wa pipa na hukaa kavu kwa miezi. Sugua kuta kwa brashi kila wiki, kisha funika kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kwa mpira.

Mwenye homa kali, maumivu ya nyuma ya macho na ya viungo asikimbilie sindano ya kutuliza maumivu ya dikilofenaki, wala aspirini au ibuprofeni. Zote huongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli tu, vinywaji vingi, na kipimo cha malaria. Homa ikishuka kisha tumbo likauma sana, akatapika mfululizo au fizi zikatoa damu, huko si kupona: hospitali.

Ni saa nane usiku. Mgonjwa ameharisha tangu magharibi, lakini amelala sasa. Tungoje kupambazuke?

Hapana. Mwamshe kwanza, uone kama analala au anazimia. Mfinye ngozi ya tumbo na uiachie: ikikaa kama kikunjo zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Macho yaliyozama, mdomo mkavu, utosi wa mtoto mchanga uliobonyea, mikono ya baridi, hajakojoa tangu jioni: moja tu kati ya hayo lisingoje adhana ya alfajiri. Kuharisha maji kama ya mchele pekee yake kunatosha kutoka nyumbani, hata kama hayo mengine hamjayaona.

Nenda kituo kilicho karibu na chenye wodi. Wa Likoni waanzie hospitali yao ya Likoni badala ya kupanga foleni ya feri. Upande wa Changamwe iko Port Reitz. Kisiwani iko Tudor na Makadara. Kwa hiyo nambari ya mwenye tuktuk anayekubali kuamshwa iandikwe leo, kwa kalamu, juu ya kile kifuniko cha ndoo. Ikiwa mgonjwa yuko macho, chupa ya ORS ipande naye, na kijiko kiendelee njia nzima, hata kwenye matuta.