Mtaro mpana utayapeleka wapi maji?

Kila masika, barabara za mtaa wa South C hapa Nairobi zikishageuka ziwa, naulizwa swali lile lile: mbona kaunti haipanui mitaro? Kazi yangu ni kuchora mitaro, kwa hiyo kandarasi zikiongezeka sitalalamika. Lakini mtaro hauyamalizi maji, unayahamisha tu. Panua ule wa Kilimani na maji yale yale yatafika Gikomba mapema zaidi, tena kwa nguvu zaidi.

Nairobi imeinuka upande wa Karen na Dagoretti, kisha inateremka hadi kulala tambarare huko Embakasi. Vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo hupokea maji ya Lavington na Kilimani na kuyaingiza katika Mto Nairobi. Mto huo hupita kando ya soko la Gikomba, hukutana na mito ya Mathare na Ngong upande wa mashariki, kisha huingia Athi, na safari huishia Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Sasa tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ploti ya nusu eka ina takriban mita za mraba 2,000, kwa hiyo mvua ya milimita 40, ambayo Aprili si ajabu, huangusha hapo lita 80,000. Zamani, ploti ikiwa na nyumba moja na bustani, udongo mwekundu ulikunywa mengi. Huwa tunakadiria kwamba theluthi hivi ndiyo iliyotoka nje. Jenga ghorofa, tandaza kabro, yale matofali ya saruji ya uani, mpaka ukutani, na zaidi ya lita 70,000 zitakimbilia barabarani, karibu zote kwa mpigo.

Ndiyo maana nasisitiza maji yazuiwe pale pale yanapoangukia. Wenye majengo wengi hunijibu kwamba wana tangi la maji ya mvua. Vizuri, ila tangi lililojaa pomoni wiki ya kwanza ya Aprili halina msaada wiki ya pili. Mimi hulichora kwa sehemu mbili. Ya chini huweka maji ya vyoo na ya kuosha magari. Ya juu hukaa tupu ikisubiri dhoruba, na ina paipu nyembamba inayoyaachia maji polepole kwa saa kadhaa. Mafundi huishuku sana paipu hiyo, na wapo wanaotaka kuweka nene zaidi "isizibe". Wakataze. Wembamba wake ndio kazi yenyewe. Dawa ya kuziba ni chujio na mtu wa kulisafisha.

Shimo la kunyonya maji, lililojazwa mawe, hufaa Karen likichimbwa mbali na msingi wa nyumba. South C na Embakasi msihangaike nalo: udongo mweusi ukilowa huvimba na kujifunga, na mtabaki na dimbwi la mbu.

Halafu kuna wanaounganisha gata za paa na bomba la maji taka. Bomba hilo halikupimwa kubeba mvua. Likizidiwa, vifuniko vya mashimo huinuka na kinyesi huteremka mtoni.

Hata bila kinyesi, maji ya mvua si safi. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo chafu kuliko zote, kwani huosha kwa mara moja oili ya gereji, vumbi la breki na takataka za miezi. Mtaro wa wazi wenye nyasi hunasa sehemu ya uchafu huo. Wa saruji haunasi kitu.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipopita, waliobomolewa nyumba kando ya mito walikuwa wakazi wa Mathare na Mukuru. Sikuona kabro hata moja iking'olewa huku juu.

Mtaro wa mtaa wako uangalie Januari, wakati wa kiangazi. Ukiukuta unatiririka, hiyo karibu kila mara si mvua: kuna jengo, gereji au kiwanda kinachomwaga humo. Kanuni za ubora wa maji zinadai leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa yeyote anayemwaga maji machafu katika mazingira. Fuata mtaro kuelekea juu mpaka sehemu iliyo kavu, piga picha paipu ya mwisho uliyoipita, na malalamiko yako yaanzie hapo.