Nafasi za PhD za modeli na softiwea Uholanzi: ni ajira, na haziuzwi

Siku hizi dawati letu la ajira za watafiti hapa chuoni Uholanzi linapokea imeli nyingi za Kiswahili na lalamiko ni lilelile, nimelipa mbona sijaitwa usaili. Mtu kamtumia wakala hela ya kushikiwa nafasi ya PhD kwenye softiwea, kapewa risiti na barua yenye nembo ya chuo, halafu kimya. Naomba hili lieleweke kabisa: vyuo vikuu vya Uholanzi havitozi hela mtu kuomba kazi ya PhD, na wakala hana mlango wake wa kupitia. Maombi yanaingia kwenye mfumo wa chuo, unajisajili mwenyewe, na ukishatuma mfumo unakurudishia imeli ya kupokelewa. Kama hiyo imeli hukuipata wewe kwenye boksi lako basi kwetu haupo.

Shida inaanzia kwenye kuita hizi nafasi skolashipu. Nyingi ni ajira. Unasaini mkataba chini ya makubaliano ya pamoja ya vyuo vikuu, miaka 4 kwa kazi ya muda wote, mshahara mwaka wa kwanza ni karibu euro 3,000 kwa mwezi kabla ya kodi na unapanda kila mwaka, juu yake kuna posho ya likizo asilimia 8 na ya mwisho wa mwaka asilimia 8.3. Ada hakuna. Ila kodi unakatwa na pango unalipa mwenyewe, kwa hiyo usituandikie kuuliza chuo kitakupa chumba lini. Na mkataba wa kwanza mara nyingi ni mwaka mmoja au mmoja na nusu, hapo unafanyiwa tathmini ndo unaongezewa hadi ufike minne, hiyo ni kawaida kwa kila mtu, sio ubaguzi.

Masta inatakiwa. Sio digrii ya kwanza na uzoefu wa miaka kumi benki. Kama bado unaimalizia, omba, lakini iwe imetoka kabla ya siku ya kuanza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndo waombaji wazuri wanapotea. Tangazo likisema modeli na mageuzi ya softiwea, watu wanatuma picha za UML, ile michoro ya kawaida ya softiwea, za mfumo wa kusajili wanafunzi. Kuchora tu hakutoshi. Kwenye fani hii modeli ndo chanzo, kodi ya programu inazalishwa kutoka humo, na OMG, kundi la viwango vya softiwea, lilishaisukuma hoja hiyo tangu 2001. Na mtafiti wa softiwea Meir Lehman alishasema miaka ya 1970 kwamba programu inayotumika lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo inazidi kupoteza manufaa. Unganisha hayo mawili ndo unapata swali la utafiti: modeli zikiwa maelfu na zimeandikwa kwa lugha ambayo yenyewe inabadilika, unafanyaje? Kampuni kama ASML pale Veldhoven, jirani na Eindhoven, zinaendesha mashine za kutengeneza chipu kwa softiwea ya miaka mingi, kwao hili swali ni la kila siku.

Niwape mfano wa aina tunayopenda kuuliza kwenye usaili. Una metamodeli ndogo, yaani kanuni za kuandikia modeli, ya duka la dawa, ndani kuna klasi Dawa yenye sifa inaitwa dozi, ni maandishi tu, watu wamejaza "500 mg". Baadae mwenzako anaigawa, kiasi kinakuwa namba na kizio kinakuwa cha kuchagua kwenye orodha. Metamodeli imekaa vizuri zaidi, lakini fungua modeli ya zamani kwenye EMF, zana ya kufanyia kazi modeli, inagoma, inakwambia sifa dozi haijapatikana. Masharti yaliyoandikwa kwa OCL, lugha ya masharti ya modeli, yaliyotaja dozi yanavunjika, na transfomesheni, ile programu iliyokuwa inageuza modeli kuwa kodi ya Java, nayo inavunjika. Utaandika skripti ya kuzihamisha zote? Sawa, na yule aliyejaza "vidonge viwili asubuhi" unampeleka kwenye kizio gani? Tunachotaka ni kusikia unavyofikiri hapo, nini kinaweza kuhama chenyewe na nini lazima mtu akiangalie, na utajuaje kwamba hakuna kilichopotea njiani. Mtu aliyewahi kuhamisha databesi ya zamani ya hospitali ya wilaya anaweza kujibu hili vizuri kuliko mwenye vyeti kumi vya mtandaoni, na inaniuma sana nikiona siivii yake haijaitaja hiyo kazi hata kwa mstari mmoja.

Kwa hiyo barua iwe ya tangazo lile. Taja tatizo gani la mradi limekuvuta, weka tasnifu ya masta hata kama ni rasimu, weka linki ya kodi ya programu uliyoandika wewe. Barua ya sifa tupu iliyobaki na jina la chuo kingine tunaiona ndani ya dakika moja.

Kuna pia nafasi za Marie Skłodowska-Curie, zinalipiwa na Umoja wa Ulaya. Uraia wowote unaruhusiwa, acheni kuambizana ni za Wazungu tu. Masharti mawili yanaangaliwa tarehe ya kuajiriwa: usiwe na PhD tayari, na usiwe umeishi au kufanya shughuli zako kuu nchi ya mwajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Aliyeko Dar au Mombasa anapita bila shida. Anayesoma masta Uholanzi mwaka wa pili hapiti kwa nafasi ya Uholanzi, aombe ya Ubelgiji au Ujerumani.

Ukishapata kazi usikimbilie viza mwenyewe. Chuo ndo kinakuombea kibali uhamiaji, IND, na raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji MVV, ile stika unayoifuata ubalozini kabla ya kusafiri. Cheti cha kuzaliwa kihalalishwe mapema, manispaa watakitaka siku ya kujiandikisha.

Halafu nafuu ya kodi ya asilimia 30, yaani hadi sehemu hiyo ya mshahara haikatwi kodi, ambayo 2027 inashuka kuwa 27. Kuipata lazima, katika miezi 24 kabla ya siku ya kwanza ya kazi, uwe umeishi zaidi ya miezi 16 umbali unaozidi kilomita 150 kutoka mpaka wa Uholanzi. Brussels iko ndani ya hizo kilomita. Na ukija ukakaa kwa ndugu Rotterdam kwanza ndo utafute kazi, sharti la kuajiriwa kutoka nje limeshavunjika, sisi hatuna la kufanya. Ombi liingie ndani ya miezi 4 tangu uanze kazi, likichelewa nafuu inaanza mwezi unaofuata ombi na ya nyuma hairudi.

Cheti cha kughushi: mkataba unavunjwa, IND inaweza kufuta kibali kuanzia siku kilipotolewa na kukuwekea zuio la kuingia nchini. Na sisi kama mdhamini tuna wajibu wa kuripoti ndani ya wiki 4. Hatuchagui.

Mwisho wa tangazo mara nyingi kuna anwani mbili. Ya profesa ni ya maswali ya utafiti, ya pili ni ya mikataba na vibali, na hiyo ya pili ndo sisi, tunajibu hata kabla hujaomba. Kama wakala ameshachukua hela na kopi ya pasipoti, tutumie ile barua aliyokupa, tukuthibitishie kama imetoka kwetu, kisha nenda nayo polisi ulipo.