Je, wajua kwa nini kodi hukatwa kabla mshahara haujakufikia?

Kwenye hati yangu ya kwanza ya mshahara palikuwa na mstari ulioandikwa PAYE, na kwa miaka kadhaa niliuelewa vibaya. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, huuita Lipa Kadiri Unavyopata. Neno "kadiri" nililisikia kama kipimo: apataye kingi alipe kingi, apataye kidogo alipe kidogo. Nikahitimisha kwamba PAYE ni kodi ya peke yake, waliyobuniwa waajiriwa, tofauti na kodi ya mapato anayolipa mfanyabiashara.

Sivyo. PAYE ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, Pay As You Earn, na uzito wa maneno hayo uko kwenye wakati: lipa huku ukipata. "Kadiri" yetu inabeba maana zote mbili, ndiyo maana twasema "kadiri siku zinavyokwenda". Mimi nilishika ile isiyohusika. Kwamba mwenye kipato kikubwa hutozwa asilimia kubwa zaidi ni kweli, lakini hiyo ni sifa ya kodi ya mapato yenyewe. Ingekuwa hivyo hata kama kila mfanyakazi angeipeleka kwa mkono wake mara moja kwa mwaka. Kimsingi PAYE haigusi kiasi unachodaiwa. Inapanga unalipa lini, na fedha inapitia mkononi mwa nani.

Kukata kodi kwenye chanzo, yaani kabla fedha haijamfikia mwenyewe, ni wazo la zamani. Uingereza ililitumia mwaka 1803, chini ya waziri mkuu Addington, kwa mapato kama riba. Kiwango kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 5, na makusanyo hayakupungua kwa nusu. Marekani ililijaribu mwaka 1913 ikaliacha mwaka 1917. Kilicholirudisha kwa nguvu ni Vita vya Pili vya Dunia. Wamarekani waliolipa kodi ya mapato walikuwa takriban milioni 4 mwaka 1939. Kufikia 1945 walizidi milioni 40. Na wote hao, mwanzoni, walikuwa wakilipa mwaka huu kodi ya mwaka jana. Aliyefanya kazi kiwandani na saa za ziada mwaka 1942, kisha akaitwa jeshini mwaka 1943, alidaiwa kodi ya mshahara wa kiwandani huku akipokea posho ya askari.

Kuhama kutoka utaratibu huo ndiko kulikokuwa kugumu, na ndiko kunakonivutia zaidi. Chukua duka la Mangi. Mwaka mzima unachukua unga, sukari na mafuta kwa daftari, na mwaka unaofuata unalipa deni kidogo kidogo huku ukifungua ukurasa mpya. Siku moja Mangi anasema: kuanzia kesho ni taslimu. Sasa utazame mwaka huo mmoja. Unalipia papo hapo unachokula leo, na ukurasa wa mwaka jana bado unakungoja. Mshahara ni mmoja, malipo ni ya miaka miwili. Hapo ndipo Bunge la Marekani lilipokwama.

Beardsley Ruml, mweka hazina wa maduka ya Macy's na mwenyekiti wa tawi la New York la benki kuu ya nchi hiyo, alitoa jibu: chana ukurasa. Wengi waliona anagawa mali ya umma. Lakini iangalie droo ya Mangi. Jana ilipokea fedha za daftari kila siku. Kesho itapokea taslimu kila siku. Droo haioni tofauti. Pengo litaonekana siku duka linapofungwa na hesabu ya mwisho kupigwa, na serikali ni duka lisilotarajia kufungwa. Ruml aliisukuma hoja hiyo hadi Siku ya Kiyama.

Hoja yake haikuwa kamili. Mteja aliyestaafu au kufariki halipi taslimu kesho, kwa hiyo deni lake likifutwa limepotea kweli. Tena, mwenye ukurasa mrefu ndiye hunufaika zaidi, na Rais Roosevelt alipinga kufuta kila kitu kwa sababu hiyo. Wakakutana katikati: ilifutwa asilimia 75 ya kodi ya mwaka mmoja, ule wenye kodi ndogo kati ya 1942 na 1943, na iliyobaki ikalipwa baadaye. Sheria ilitiwa saini tarehe 9 Juni 1943, na ukataji ukaanza tarehe 1 Julai. Uingereza ilianza PAYE yake tarehe 6 Aprili 1944. Wapo wanaoamini kwamba bila ukataji huu viwango vya baada ya vita visingevumilika, ila ni vigumu kutenganisha nguvu ya ukataji na nguvu ya vita yenyewe.

Tanzania Bara, hesabu hufanywa na mwajiri. Tuseme mshahara ni shilingi 800,000 na mchango wako wa NSSF ni asilimia 10, yaani 80,000. Mchango hutolewa kwanza, zinabaki 720,000. Kati ya hizo, 270,000 za mwanzo hazitozwi. Zinazofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zilizobaki, 200,000, hutozwa asilimia 20, ambayo ni 40,000. Jumla ni 60,000, na mwajiri anatakiwa kuziwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Kenya wanapewa hadi tarehe 9.

Ukiwa na ajira mbili, mwajiri wa pili haioni hesabu ya wa kwanza, hivyo hukata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Nilipoajiriwa pia kufundisha jioni, kwenye kila 100,000 ziliondoka 30,000, nikaenda kwa mhasibu nikiwa na hakika amekosea. Alichukua hati yangu ya kazi ya mchana, akaweka kidole kwenye mshahara, akaniambia: "Mwalimu, zile 270,000 zako zisizotozwa umeshazitumia hapa."