Mgonjwa Maskini Si Mtoro

Wiki iliyopita daktari kijana aliyekuja kujifunza kazi kwetu aliniambia, na uchungu ulikuwa wa kweli: "Dokta, kazi hii naipenda, ila hawa wagonjwa hawataki kupona. Dawa wanapewa bure, na bado hawamezi." Kwenye faili lililokuwa mbele yake alikuwa ameshaandika neno moja: mtoro.

Neno hilo nimelisikia tangu nianze kutibu watu wa maeneo ambayo huduma za afya huyafikia mwisho. Nimelisikia kwa wanafunzi, kwa wauguzi waliochoka, kwa wafadhili, hata kwa wagonjwa wenyewe wakisemana kwenye foleni. Nimelijibu mdomoni mara nyingi mno. Safari hii naliandika.

Dhana yenyewe ni hii: maskini hafuati matibabu kwa sababu hajui, hajali, au anaamini amerogwa.

Nilimwomba kijana amwite yule mgonjwa arudi. Ni mama wa makamo mwenye presha na kisukari, na presha yake siku ile ilikuwa juu sana, 178 kwa 104. Nikamwambia, "Mama, naomba tuzione dawa zako zote hapa mezani." Akafungua mkoba, akatoa kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo mara mbili. Ndani mlikuwa na vidonge vilivyokatwa nusu kwa wembe, unga mweupe umeganda kwenye pembe za kifuko. Dawa ya wiki nne alikuwa ameinyoosha ifike wiki nane. Kuja kliniki kunamla siku nzima, na siku asiyofanya kibarua hailipwi. "Sijaacha dawa, daktari," akasema. "Nazipimia."

Huyo ndiye mtoro wetu. Mtu anayekata kidonge kidogo kama kile kwa wembe kila asubuhi, kwa miezi, anaijali dawa yake kuliko wengi wetu tunavyojali chochote.

Ubishi huu ulishapimwa zamani. Mwishoni mwa mwaka 1988, huko Cange, katikati ya Haiti, wagonjwa watatu wa kifua kikuu walifariki wakiwa bado watu wazima wenye nguvu zao, ilhali dawa zilikuwepo na zilikuwa bure. Timu ya Paul Farmer, daktari Mmarekani aliyetibu maskini huko, ikakaa kikao. Wengi wa wataalamu wakasema tatizo ni imani: mtu anayeamini amerogwa hawezi kumaliza dozi ya miezi. Wahudumu wa afya wa vijijini, wanaoishi na wagonjwa hao, wakasema tatizo ni umaskini. Ikabidi wapime. Kundi moja likapewa dawa bure kama kawaida. Kundi la pili likapewa dawa bure vilevile, na juu yake mhudumu wa kuwatembelea nyumbani, chakula cha nyongeza, nauli ya kliniki na kiasi cha dola 30 kwa mwezi. Kundi la pili walipona wote. La kwanza walipona zaidi kidogo ya nusu. Na uchawi? Waliouamini walikuwemo kundi hili na lile, na imani hiyo haikuonyesha nani atapona na nani hatapona. Kilichoonyesha ni nauli na sahani ya chakula.

Ungedhani hapo mjadala uliisha. Miaka zaidi ya kumi baadaye ukarudi, safari hii kwa VVU. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba inaweza kuziuza kwa dola 350. Kisingizio cha bei kikaanguka, kikaja cha tabia. Mwaka huohuo Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, alidai hadharani kwamba Waafrika wengi hawajui saa za Kizungu, hivyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Mwaka 2006 jarida la kitabibu JAMA likachapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za ufuasi wa dawa hizo, yaani kuzimeza kama zilivyoelekezwa. Afrika kusini mwa Sahara, wagonjwa wenye ufuasi mzuri walikuwa asilimia 77. Amerika ya Kaskazini, asilimia 55.

Sitapunguza makali hapa: dhana hii imeua. Kila mwezi uliopotea watu wakijadili kama maskini anaweza kusoma saa, kuna waliozikwa. Na inaendelea kuua kimyakimya kila tunapoandika "mtoro" na kufunga faili, kwa sababu neno hilo linatuondolea sisi kazi yote iliyobaki. Mgonjwa akishaitwa mtoro, hakuna anayeuliza kwa nini kliniki inafunga saa tisa wakati watu wanatoka kazini saa kumi na moja.

Basi, kwa wanaoanza kazi hii, nitoe ushauri ninaourudia hadi wenzangu wameuzoea. Usimuulize mgonjwa, "Unameza dawa?" Atasema ndiyo, kwa sababu anakuheshimu na anaogopa kufokewa. Muulize, "Wiki hii ni siku ngapi dawa ilikushinda kumeza, na siku hiyo kulikuwa na nini?" Kisha mwombe atoe dawa zote, mzihesabu pamoja. Kwenye faili andika sababu, usiandike tabia. Hana nauli. Anafanya zamu ya usiku. Dawa inamchoma tumbo kwa kuwa anaimeza na njaa. Anaificha kwa mume. Kila sababu ya hizo ina dawa yake, na mara nyingi dawa hiyo iko mikononi mwako: mpe vidonge vya miezi mitatu hali yake ikiwa imetulia, unganisha dawa mbili katika kidonge kimoja inapowezekana, fungua kliniki ya jioni hata siku moja kwa wiki. Kwa VVU, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishapendekeza mwaka 2016 kwamba aliyetulia kwenye dawa aje kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Sioni kwa nini mwenye presha iliyotulia aburuzwe kila mwezi.

Wapo wanaoacha dawa kwa hiari yao, sikatai. Wengi wao wameshikwa na dhana nyingine: presha imeshuka, kwa hiyo nimepona. Hapana. Imeshuka kwa sababu dawa inaishikilia chini. Ukiiachia, inapanda bila kukupigia hodi. Presha kwa kawaida haiumi. Ukisubiri kichwa kiume ndipo umeze, unaweza kusubiri hadi kiharusi. Kifua kikuu nacho, kikohozi hukata ndani ya wiki chache, lakini dozi ya kawaida ni miezi sita kwa sababu vijidudu vichache vilivyolala ndivyo vinavyorudi, na vikirudi vinaweza kurudi vikiwa sugu. Yote haya hueleweka kwa dakika tatu za maelezo. Asipopewa dakika hizo, kosa si lake.

Dhana ya tatu naisikia kwa wazazi wa madaktari: huduma ya msingi ni ya mafua na vidonda, anayebaki huko ameshindwa kuwa bingwa. Daktari Julian Tudor Hart alikaa zaidi ya miaka 25 akitibu kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg, Wales. Mwaka 1971 aliandika alichokiona: huduma nzuri hupungua pale hasa uhitaji unapozidi. Tayari alikuwa ameanza kuwapima presha watu wazima wa kijiji kizima, pamoja na wale wasiokuja kliniki, na aliendelea kuwafuatilia mmoja mmoja kwa miaka. Mwishoni vifo vya mapema kijijini kwake vilikuwa pungufu kwa zaidi ya robo vikilinganishwa na kijiji jirani. Hakufanya upasuaji wa moyo hata mmoja. Kumjua mgonjwa miaka ishirini, na mama yake, na kazi inayomvunja mgongo, ni ubingwa. Kubaini homa moja ya hatari kati ya mia zisizo na neno, bila mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili, pia ni ubingwa.

Na kuna wanaoniambia kwamba chakula, maji na nauli si kazi ya daktari. Miaka ya 1960, daktari Mmarekani Jack Geiger na wenzake walifungua kituo cha afya Mound Bayou, Mississippi, katikati ya Waamerika Weusi waliokuwa na njaa. Watoto walikuja na utapiamlo, madaktari wakaandika chakula kwenye karatasi ya dawa, familia zikaenda nayo dukani, na bili ikalipwa kwa fungu la dawa la kituo. Waliotoa fedha walipolalamika, Geiger akawajibu kwamba kwa mujibu wa vitabu vyake vya udaktari, tiba ya utapiamlo ni chakula. Walichimba visima pia, na vyoo. Mbinu hiyo hakuibuni yeye. Alijifunza akiwa mwanafunzi kwa madaktari Sidney na Emily Kark huko Pholela, Afrika Kusini, ambako kituo cha afya kilikuwa kikitibu kijiji na mazingira yake tangu 1940. Ukitaka kufanya kazi hii vizuri, soma habari za Pholela kabla ya kusoma mwongozo wowote wa wafadhili.

La mwisho, kwa wanaonitumia barua wakitaka "kuonja" afya ya kimataifa kwa wiki mbili. Njooni kujifunza, milango iko wazi. Lakini msilete dawa za presha za wiki mbili mkazigawa na kuondoka. Mgonjwa wa presha anahitaji mtu atakayekuwepo mwezi ujao na mwakani, anayejua alikokata kidonge na kwa nini. Kama mna fedha za tiketi na hamna muda wa kukaa, lipieni mshahara wa mwaka wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeishi mtaani humo. Yule mama wa wembe sasa ana mmoja, jirani yake wa nyumba ya tatu, anayempima presha kila Jumapili jioni akiwa amepumzika.