Sadza ni nini, na inatofautianaje na ugali?

Sadza ni chakula kikuu cha Zimbabwe, nacho hutokana na unga wa mahindi, kwa kawaida mweupe, unaopikwa kwa maji mpaka ukaze kiasi cha kumegwa kwa mkono na kuliwa kwa mboga. Jina hilo ni la Kishona. Wandebele wa upande wa Bulawayo hukiita isitshwala, Wamalawi nsima, Wazambia nshima, na Afrika Kusini jina lililoenea ni pap. Msomaji wa Kiswahili akifika hapa atasema kwamba basi huo ni ugali, na hatakuwa amekosea sana; ila kuna jambo moja ambalo neno "ugali" halilitaji na ambalo mpishi wa sadza hulipa uzito wa kwanza, nalo ni kwamba sadza huanza kuwa uji, na uji huo hauna budi kuiva sawasawa kabla haujakazwa.

Wala si lazima iwe ya mahindi. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na kabla hayajaenea kusini mwa Afrika watu wa huko walikuwa wakipika ulezi, mtama na uwele, nafaka ambazo hadi leo zina sadza zake: sadza rezviyo ni ya ulezi, na sadza remapfunde ni ya mtama.

Kwa watu wanne, mpishi huweka kikombe 1 cha unga ndani ya sufuria, akamimina kikombe 1 na nusu cha maji baridi, akakoroga mpaka unga wote ulowane. Maji hayo ya baridi ndiyo siri yenyewe. Chembe za wanga wa mahindi huanza kufyonza maji na kuvimba zinapofikia joto la nyuzi 60 na kitu za Selsiasi, kwa hiyo unga mkavu ukitumbukizwa kwa pupa katika maji yanayochemka, kila fumba la unga huiva nje na kujifunga, huku ndani likibaki kavu. Hivyo ndivyo yanavyozaliwa madonge, ambayo Washona huyaita mambundira na ambayo ni aibu ya mpishi kote, kuanzia Harare hadi Mwanza. Baada ya kukoroga, huongezwa vikombe 2 na nusu vya maji yaliyochemka, sufuria ikakaa motoni, na mwiko usiachwe mpaka uji uwe mzito na uanze kutokota.

Hapo hufuata hatua inayoitwa kukwata, yaani kutokota kwa uji mzito, na nadhani hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba uji ukishakuwa mzito umeiva. Moto hupunguzwa, sufuria hufunikwa, na uji huachwa utokote kwa muda wa dakika 15 hivi. Kifuniko si cha kutunza joto tu: uji wa namna hiyo hupasua mapovu na kurusha matone yanayong'ang'ania ngozi, na aliyewahi kuunguzwa nayo mkononi hahitaji kukumbushwa. Kwa kuwa maji bado ni mengi, wanga hupata nafasi ya kuvimba wote, na ile ladha ya unga mbichi huondoka.

Kisha huja kumona, yaani kuukaza uji kwa unga mkavu unaotiwa kidogo kidogo, jumla yake kama kikombe 1 na nusu, huku ukisongwa kwa mugoti, ambao ni mwiko wa mti wenye ncha bapa. Mpishi huusukuma mugoti akiuelekeza kwenye ukuta wa sufuria, akiuvuta na kuukandamiza, mpaka sadza iwe laini na iache kunata. Hufunikwa tena kwa dakika 5 juu ya moto mdogo, ikasongwa mara ya mwisho, ikapakuliwa.

Tanzania nako wapo wengi wanaoanza na uji, ilhali Kenya ni kawaida unga kutiwa moja kwa moja katika maji yanayochemka na kazi yote kuachiwa mwiko. Ugali wa namna hiyo huwa mkavu na mgumu zaidi. Sadza ni laini na ina unyevu zaidi. Unga nao huleta tofauti: ule wa mahindi yasiyokobolewa, ambao sisi tunauita dona na Wazimbabwe mugaiwa, hutaka muda mrefu zaidi motoni kuliko sembe.

Mboga yake ya kila siku ni majani yaliyokaangwa kwa nyanya na kitunguu, wakati mwingine yakiungwa kwa dovi, yaani karanga zilizosagwa. Pia huliwa kwa matemba, dagaa wakavu ambao kwetu si wageni hata kidogo, kwani dagaa wa Bwawa la Kariba walipandikizwa huko katika miaka ya 1960 kutoka Ziwa Tanganyika. Sadza iliyobaki usiku ina jina lake pia: huitwa munya, na kesho yake asubuhi huliwa kama kiporo kingine chochote, pamoja na chai.